2147483647

2147483647 (kwa maneno: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba) ni namba asilia inayofuata 2147483646 na kutangulia 2147483648. Ni namba witiri na pia ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Kwa kifupi huandikwa 2³¹ − 1: mbili thelathini na moja zikizidishwa pamoja, kisha ikatolewa moja.

Namba hii inajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni la hisabati: mwaka 1772 Leonhard Euler alieleza kwamba ameithibitisha kuwa namba tasa, nayo ikabaki namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi katikati ya karne ya 19. La pili ni la kompyuta: ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kuhifadhiwa katika nafasi ya biti 32 iliyotengwa kwa namba chanya na hasi. Kwa sababu hiyo ni kikomo cha saa za kompyuta nyingi, na kikomo hicho kitafikiwa tarehe 19 Januari 2038.

## Ukubwa na uandishi wake

Namba hii ina tarakimu kumi. Mtu akihesabu namba moja kila sekunde, bila kulala wala kupumzika, atafika 2147483647 baada ya siku 24,855, saa 3, dakika 14 na sekunde 7. Hiyo ni zaidi kidogo ya miaka 68.

Katika kizio cha 10, ambacho ndicho cha kawaida, tarakimu zake hazionyeshi mpangilio wowote. Mpangilio unaonekana ikiandikwa katika kizio cha 2, kinachotumia tarakimu 0 na 1 pekee:

1111111 11111111 11111111 11111111

Hizo ni moja thelathini na moja, bila sifuri hata moja. Sababu yake ni ileile inayofanya 9, 99 na 999 ziwe na tarakimu 9 tupu katika kizio cha 10: kila moja ni pungufu kwa moja tu ya 10, 100 na 1000. Vivyo hivyo, katika kizio cha 2, namba yoyote iliyo pungufu kwa moja ya kipeo cha mbili huandikwa kwa tarakimu 1 tupu. Kwa hiyo 2147483647 ni pia jumla ya 1 + 2 + 4 + 8 na kuendelea hivyo hadi 1073741824.

Katika kizio cha 8 huandikwa 17777777777, na katika kizio cha 16, kinachotumiwa sana na wataalamu wa kompyuta, huandikwa 7FFFFFFF.

## Namba tasa ya Mersenne

Namba tasa yenye umbo la 2ⁿ − 1 huitwa namba tasa ya Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne (1588–1648), mtawa na mwanachuoni wa Ufaransa. Nane za kwanza ni hizi:

2² − 1 = 3
2³ − 1 = 7
2⁵ − 1 = 31
2⁷ − 1 = 127
2¹³ − 1 = 8191
2¹⁷ − 1 = 131071
2¹⁹ − 1 = 524287
2³¹ − 1 = 2147483647

Vipeo vyote katika orodha hii ni namba tasa, na si kwa bahati. Kipeo kikiwa na vigawo, namba yenyewe nayo hupata vigawo. Kwa mfano, 6 ni 2 × 3. Basi 2⁶ − 1, ambayo ni 63, inagawanyika kwa 2² − 1 (yaani 3) na kwa 2³ − 1 (yaani 7).

Kinyume chake si kweli. Kipeo kuwa namba tasa hakutoshi kuifanya 2ⁿ − 1 kuwa tasa. Mfano mdogo kuliko yote ni 11: 2¹¹ − 1 = 2047, nayo ni 23 × 89. Ndiyo maana kila kipeo tasa hudai uchunguzi wake, na ndiyo maana 2³¹ − 1 ilibaki katika mashaka kwa zaidi ya karne moja na nusu.

## Historia ya uthibitisho

Mwanahisabati wa Italia Pietro Cataldi alichapisha mwaka 1603 kitabu kuhusu namba kamilifu. Humo alionyesha kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa. Njia yake ilikuwa ya kugawa tu: alitengeneza orodha ya namba tasa hadi 750, kisha akajaribu kugawa kwa kila moja. Hilo lilitosha, kwa kuwa kipeuo cha pili cha 524287 ni kama 724. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili, kwa hiyo hakuna haja ya kujaribu zaidi ya hapo.

Cataldi aliendelea kudai kwamba 2ⁿ − 1 ni tasa pia kwa vipeo 23, 29, 31 na 37, lakini hapo hakuwa na uthibitisho. Madai hayo yaliporomoka moja baada ya jingine. Mwaka 1640 Pierre de Fermat wa Ufaransa alionyesha kwamba 2²³ − 1 inagawanyika kwa 47, na 2³⁷ − 1 inagawanyika kwa 223. Mwaka 1738 Euler alionyesha kwamba 2²⁹ − 1 inagawanyika kwa 233. Katika madai manne likabaki moja tu: 31.

Kabla ya hapo, mwaka 1644, Mersenne naye alikuwa ametoa orodha yake. Alisema kwamba kwa vipeo hadi 257, namba tasa hupatikana kwa 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257 tu. Orodha hiyo ilikuwa na makosa matano: 67 na 257 hazikustahili kuwamo, na 61, 89 na 107 ziliachwa. Kuhusu 31 alikuwa sahihi, ila hakueleza kwa nini.

Aliyelimaliza suala hilo ni Leonhard Euler (1707–1783), mzaliwa wa Basel nchini Uswisi aliyefanya kazi miaka mingi Saint Petersburg nchini Urusi. Katika barua aliyomwandikia mmoja wa wanahisabati wa ukoo wa Bernoulli mwaka 1772, alisema kwamba amehakikisha 2³¹ − 1 haina kigawo. Wakati huo Euler alikuwa karibu kipofu kabisa.

## Njia ya Euler

Kipeuo cha pili cha 2147483647 kiko kati ya 46340 na 46341. Kwa njia ya Cataldi ingebidi kugawa kwa kila namba tasa isiyozidi 46340, nazo ni 4,792. Kwa mkono, hiyo ni kazi ya miezi. Euler aliipunguza kwa kuuliza kwanza: kama kigawo tasa kipo, kitakuwa namba ya aina gani?

Jibu lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza: kigawo tasa chochote cha 2³¹ − 1 lazima kiwe zaidi kwa moja ya kigawe cha 62, yaani kiwe na umbo la 62k + 1. Hii inatokana na kanuni ya Fermat. Kanuni hiyohiyo inaonekana katika vigawo vilivyotajwa juu: 47 ni 2 × 23 + 1, 223 ni 6 × 37 + 1, na 233 ni 8 × 29 + 1.

Sehemu ya pili: kigawo hicho kikigawanywa kwa 8, baki lazima liwe 1 au 7. Sababu ni kwamba kama p inagawa 2³¹ − 1, basi 2³² na 2 huacha baki moja zikigawanywa kwa p. Lakini 2³² ni kipeo cha pili cha 2¹⁶. Kwa hiyo kwa upande wa mabaki, 2 yenyewe ni kipeo cha pili. Hilo huwezekana tu kwa namba tasa witiri zinazoacha baki la 1 au 7 zikigawanywa kwa 8.

Masharti haya mawili yakiunganishwa, kigawo lazima kiwe na umbo la 248k + 1 au 248k + 63. Kati ya 2 na 46340 zipo namba 373 tu za maumbo hayo. Ya kwanza, 63, inaondolewa mara moja kwa kuwa inagawanyika kwa 3. Zinabaki 372, na nyingi kati ya hizo nazo si tasa, kwa hiyo hazihitaji kujaribiwa.

Namba tasa za kwanza zinazobaki ni 311 na 1303:

2147483647 = 311 × 6905092 + 35
2147483647 = 1303 × 1648107 + 226

Zote mbili zinaacha baki, na hali ni hiyohiyo kwa nyingine zote hadi 46340. Kwa hiyo hakuna kigawo, na namba ni tasa.

Nguvu ya njia hii inaonekana vizuri zaidi kwa namba ndogo ambayo msomaji anaweza kuikagua kwa kalamu. Tuchukue 2¹³ − 1 = 8191. Kipeuo chake cha pili ni kama 90.5. Vigawo vinavyowezekana vina umbo la 26k + 1, navyo hadi 90 ni 27, 53 na 79. Zikigawanywa kwa 8, 27 inaacha 3, 53 inaacha 5, na 79 inaacha 7. Inabaki 79 peke yake. Kwa kuwa 8191 = 79 × 103 + 54, kuna baki, basi 8191 ni tasa. Mgawanyo mmoja umetosha badala ya ishirini na nne.

## Jaribio la Lucas na Lehmer

Siku hizi namba za Mersenne hazichunguzwi kwa kutafuta vigawo peke yake. Hutumika jaribio lililobuniwa na Mfaransa Édouard Lucas katika miaka ya 1870 na kuboreshwa na Mmarekani Derrick Henry Lehmer mwaka 1930. Utaratibu wake ni huu: anza na 4, ifanye kipeo cha pili kisha toa 2, chukua baki baada ya kugawa kwa 2ᵖ − 1, rudia hatua hizo mara p − 2. Kwa kipeo tasa p kilicho zaidi ya 2, jibu la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Lisipokuwa 0, si tasa.

Mfano kwa 2⁵ − 1 = 31: kutoka 4 tunapata 14; kutoka 14 tunapata 194, ambayo huacha baki 8; kutoka 8 tunapata 62, ambayo huacha baki 0. Hatua tatu zimetosha, na 31 ni tasa. Kwa 2147483647 hatua zinazohitajika ni 29 tu, na kompyuta yoyote huzimaliza kabla ya kope kupepesa.

## Namba kamilifu ya nane

Namba kamilifu ni namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake, bila kujihesabu yenyewe. Ya kwanza ni 6 (1 + 2 + 3), ya pili ni 28 (1 + 2 + 4 + 7 + 14), kisha 496 na 8128.

Euklides alionyesha zamani kwamba kila 2ᵖ − 1 iliyo tasa huzaa namba kamilifu, ikizidishwa kwa 2 yenye kipeo cha p − 1. Kwa hiyo 2147483647 ikizidishwa kwa 2³⁰ inatoa namba kamilifu ya nane:

2305843008139952128

Mwaka 1811 mwanahisabati Mwingereza Peter Barlow aliandika katika kitabu chake cha nadharia ya namba kwamba hiyo ndiyo namba kamilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana. Alitoa sababu kwamba namba kama hizo ni za kustaajabisha tu na hazina faida, hivyo hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine.

Utabiri huo haukutimia. Mwaka 1876 Lucas alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1 ni tasa, na mwaka 1883 Ivan Pervushin wa Urusi alifanya hivyo kwa 2⁶¹ − 1. Kila moja ilileta namba kamilifu kubwa zaidi. Hadi Oktoba 2024 namba tasa za Mersenne zilizojulikana zilikuwa 52, na kubwa kuliko zote ilikuwa 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320. Kuhusu faida, 2147483647 yenyewe imekuwa jibu, kama inavyoelezwa katika sehemu zinazofuata.

## Sifa nyingine za kihisabati

* Ni namba tasa ya 105,097,565 ukihesabu kuanzia 2. Namba tasa iliyo kabla yake ni 2147483629, na inayofuata ni 2147483659.
* Ikigawanywa kwa 8 huacha baki 7. Kwa hiyo haiwezi kuandikwa kama jumla ya vipeo vya pili viwili wala vitatu. Lazima viwe vinne.
* Kipeo chake, 31, nacho ni namba tasa ya Mersenne (2⁵ − 1). Namba tasa za aina hii, ambazo kipeo chake pia ni namba tasa ya Mersenne, zinajulikana nne tu: 7, 127, 2147483647 na 2¹²⁷ − 1.
* Mnyororo huo hauendelei kutoka hapa. Namba 2 yenye kipeo cha 2147483647, ukitoa 1, si tasa. Inagawanyika kwa 295257526626031. Kigawo hicho nacho kinafuata kanuni ileile ya vigawo: ni 2 × 68745 × 2147483647 + 1.
* Jirani yake wa chini, 2147483646, ni zao la 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Jirani wa juu, 2147483648, ni 2³¹ na hana kigawo tasa kingine ila 2.

## Katika kompyuta

Kompyuta huhifadhi namba kwa biti, yaani nafasi zinazobeba 0 au 1. Kwa miaka mingi nafasi ya kawaida ya namba nzima imekuwa biti 32. Biti moja huonyesha kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31. Biti hizo 31 zikijaa 1 tupu, namba ni 2147483647. Kwa upande wa hasi, kikomo ni −2147483648.

Ikiongezwa 1 juu ya kikomo hicho, mashine nyingi hazisimami wala hazitoi onyo. Hali ni kama ya kipima umbali cha gari kilichofika 999999 kinachorudi 000000, ila hapa namba hairudi kwenye sifuri. Inaruka hadi −2147483648. Hali hii huitwa kufurika. Hatari yake ni kwamba jibu linakuwa si sahihi na programu inaendelea na kazi.

Mifano inayokutana na wanaojifunza kuandika programu ni kama hii:

* Zao la 1 × 2 × 3 hadi 12 ni 479001600, nalo linaenea. Likizidishwa kwa 13 jibu sahihi ni 6227020800, ambalo halienei. Biti 32 hutoa 1932053504. Jibu hili halina hata alama ya hasi ya kumshtua mtu.
* Namba ya 46 katika mfuatano wa Fibonacci, 1836311903, inaenea. Ya 47, yaani 2971215073, haienei.
* Namba kubwa kuliko zote ambayo kipeo chake cha pili kinaenea ni 46340, ileile iliyokuwa mpaka wa kazi ya Euler.

Kutafuta wastani wa namba mbili kwa kuzijumlisha kwanza na kugawa kwa mbili kunaweza pia kuvuka kikomo, hata kama wastani wenyewe ni mdogo. Mwaka 2006 mtaalamu wa programu Joshua Bloch alieleza kwamba kasoro hiyo ilikuwa imekaa katika maktaba ya lugha ya Java kwa takriban miaka tisa bila kugunduliwa.

Kikomo hiki kinagusa pia mahesabu ya fedha. Mfumo unaohifadhi shilingi nzima katika biti 32 unaishia shilingi 2,147,483,647. Mfumo unaohifadhi kwa senti, ili kuepuka nukta, unaishia shilingi 21,474,836.47 tu, kiasi ambacho bajeti ya shule moja inaweza kukipita.

Matukio mawili yalikifahamisha kikomo hiki kwa umma. Desemba 2014 YouTube ilitangaza kwamba kihesabu cha watazamaji cha video ya wimbo "Gangnam Style" wa mwimbaji PSY wa Korea Kusini kilikuwa kimefikia mpaka wa biti 32, kikabadilishwa kiwe cha biti 64. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme kabla ya kufikisha siku 248 mfululizo, kwa kuwa kihesabu katika programu ya kudhibiti jenereta zake kingefurika na umeme ungeweza kukatika ndege ikiwa angani. Sekunde zikihesabiwa kwa vipande vya mia, vipande 2147483647 ni siku 248 na nusu.

## Tatizo la mwaka 2038

Mifumo ya kompyuta ya jamii ya Unix huhesabu wakati kwa sekunde zilizopita tangu saa sita kamili usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za dunia (UTC). Katika mifumo mingi ya zamani hesabu hiyo iliwekwa katika biti 32. Sekunde ya 2147483647 itakuwa Jumanne, 19 Januari 2038, saa 03:14:07 UTC. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda itakuwa saa 12 asubuhi, dakika 14 na sekunde 7. Kwa Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo itakuwa saa 11 alfajiri, dakika 14 na sekunde 7.

Sekunde inayofuata, saa ya mfumo ambao haujarekebishwa itaruka kwenda upande wa hasi na kusoma Ijumaa, 13 Desemba 1901.

Vifaa vilivyo hatarini zaidi si kompyuta mpya wala simu mpya, kwa kuwa nyingi tayari hutumia biti 64. Ni vile vinavyofungwa mahali na kusahaulika kwa miaka mingi: mita, mitambo ya viwandani, vifaa vya mawasiliano na vidhibiti vilivyomo ndani ya mashine nyingine. Programu zake mara nyingi hazisasishwi, na huenda aliyeziandika hayupo tena kazini.

Madhara pia hayangoji mwaka wenyewe. Programu inayokokotoa tarehe ya mbele inakutana na kikomo mapema. Mkopo wa nyumba wa miaka 20, au hatifungani ya serikali ya miaka 20 au 25 kama zinazouzwa Tanzania na Kenya, tayari huiva baada ya 2038. Katika hifadhidata ya MySQL, aina ya wakati iitwayo TIMESTAMP huishia sekunde hiyohiyo ya 19 Januari 2038.

Suluhisho linajulikana: kuhesabu sekunde kwa biti 64. Kikomo chake ni 9223372036854775807, ambacho kinatosha kwa takriban miaka bilioni 292. Mfumo wa Linux uliingiza uwezo huo kwa mashine za biti 32 katika toleo la 5.6 la mwaka 2020. Kazi ngumu iliyobaki ni ya kuvitafuta na kuvibadilisha vifaa vya zamani kimoja kimoja.

## Namba za nasibu

Hapa utasa wa namba hii, ambao Barlow aliuona hauna faida, unafanya kazi moja kwa moja. Kompyuta huhitaji namba zinazoonekana kama za kubahatisha kwa ajili ya michezo, sampuli za utafiti na majaribio ya kisayansi. Njia moja, iliyotokana na kazi ya Lehmer, ni kuchukua namba, kuizidisha kwa kizidisho maalumu, kisha kubaki na baki baada ya kugawa kwa namba tasa.

Kwa mfano mdogo, tumia kizidisho 3 na namba tasa 7. Kuanzia 1 tunapata 3, 2, 6, 4, 5, kisha 1 tena. Mabaki yote kutoka 1 hadi 6 yametokea, kila moja mara moja, kabla ya mzunguko kurudia. Kwa kizidisho kilichochaguliwa vizuri, utasa wa kigawanyo ndio unaowezesha mzunguko kamili wa namna hii.

Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza kiwango cha chini cha njia hii: kizidisho 16807, ambacho ni 7⁵, na kigawanyo 2147483647. Kuanzia 1, mfuatano wake ni 16807, 282475249, 1622650073, na haurudii hadi zipite hatua 2147483646. Ukiwa umeandikwa sawasawa, hatua ya 10,000 lazima itoe 1043618065; waandishi wa programu hutumia namba hiyo kukagua kazi yao. Njia hii imo katika kiwango rasmi cha lugha ya C++. Haifai kwa nywila wala siri za benki, kwa sababu anayejua namba moja ya mfuatano anaweza kuzikokotoa zote zinazofuata.

## Tazama pia

* Namba tasa
* Namba kamilifu
* Leonhard Euler
* Marin Mersenne
* Biti